Transmita ya FM kwenye gari ya Japani: nimenunua mbili, zote kimya. Dodoma mnasikilizaje?

#1 Raum ya Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Niende moja kwa moja. Nina Raum ya zamani, redio ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Maandishi ni Kijapani, na tundu la CD lilishameza CD mbili na mpaka leo halijazitapika. Haina USB, haina AUX, Bluetooth ndiyo usiseme. Mwezi uliopita nikanunua ile transmita ya kuchomeka kwenye laita: unaweka fleshi au memori kadi, unaseti masafa, halafu muziki unausikia kwenye redio. Elfu 15. Nikaiseti 106.5 kama muuzaji alivyonielekeza, nikaanza kuitafuta kwenye redio. Redio inafika 90.0 inarudi 76.0. Inafika 90.0 inarudi 76.0. Inazunguka kama pia.

Nikarudi dukani. Jamaa akasema hiyo ni mbovu, akakataa kuipokea, akaniuzia nyingine ya elfu 25, yenye taa za rangi. Kimya vile vile, ila sasa kimya chenye taa.

Kila ninayemuuliza ananiambia nitupe redio niweke ya Android. Hela hiyo sina, na ningekuwa nayo ningeanza na tairi.

Shida yangu hasa ni mzee. Kila mwisho wa mwezi nampeleka Mvumi, na nina fleshi yenye nyimbo za zeze na ngoma za muheme nilizozihamisha kutoka kwenye kaseti zake kabla panya hawajazimaliza. Nataka azisikie njiani. Spika ya simu haifui dafu, AC ilishakufa kwa hiyo madirisha yako wazi, na barabara yenyewe mnaijua.

Mwenye kujua anisaidie. Natanguliza shukrani.

#2 Vitz Haichoki

Nimekaa siti ya mbele. Vitz yangu ina ugonjwa huo huo, 90 mwisho.

#3 Kijana wa Kisasa

Mkuu acha ubahili. Hela uliyotupa kwenye hizo transmita mbili ungeanzia kudunduliza redio ya Android, skrini kubwa, kamera ya kurudi nyuma, YouTube, kila kitu. Mambo ya kutafuta masafa ni ya enzi za mkoloni.

#4 Raum ya Nkuhungu

@Kijana wa Kisasa elfu 40 nikidunduliza redio ya Android, mzee ataisikilizia mbinguni.

#5 Fundi Waya

@Raum ya Nkuhungu usirudi tena dukani, utauziwa ya tatu. Transmita zako zote mbili ni nzima.

Iko hivi. Japani FM yao inaanzia 76 MHz, na kwa miaka mingi iliishia 90. Kuanzia 90 mpaka 108 walipaweka chaneli tatu za kwanza za televisheni ya analojia, wakaja kuizima 2011. Hata walipopata nafasi ya kuiongeza FM waliifikisha 95 tu. Raum yako ilitoka kiwandani kabla ya hayo, kwa hiyo 90 ndiyo mwisho wa reli. Sisi huku FM ni 87.5 mpaka 108, na transmita zinazoletwa madukani zinafuata hiyo.

Chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa redio na mmoja wa transmita. Vinapokutana ni 87.5 mpaka 90 basi, kipande kidogo mno. Wewe umesimama 106.5 unapiga kelele, mwenzio masikio yake yameishia 90. Mtasikizana saa ngapi?

Lakini kabla hujakimbilia kuseti 88, nijibu swali moja. Stesheni za hapa mjini zilizo juu ya 90, hiyo redio inazikamata?

#6 Raum ya Nkuhungu

Inazikamata fundi, ila namba haziendani. Stesheni inayojitangaza mia na pointi kadhaa mimi naikuta kwenye 88. Nimeishi hivyo miaka mitatu nikidhani ni uzee wa redio.

#7 Fundi Waya

Hapo umemaliza kila kitu. Una ekspanda.

Ni kiboksi kidogo kama kiberiti, kimefichwa nyuma ya redio. Waya wa antena unaingia upande mmoja, upande wa pili inatoka pini inayoingia kwenye redio. Waya mwekundu unakula umeme wa swichi, mweusi umekaa kwenye bodi. Kazi yake ni moja: kila kinachoshuka kutoka kwenye antena anakipunguza kwa idadi ile ile, ili kitoshee ndani ya 76 mpaka 90. Yako ni ya 12. Mia inakuwa 88, tisini na nane inakuwa 86. Wengine msikopi hesabu hii kichwa kichwa, ziko za 15, za 18, mpaka za 20. Chukua stesheni unayoijua namba yake halisi, angalia redio yako inaandika ngapi, toa, utajua yako ni ipi.

Sasa rudi kwenye 106.5 yako. Toa 12, unapata 94.5. Redio yako haina 94.5, kwa hiyo hata na ekspanda bado ulikuwa nje ya uwanja. Na ungeseti 88.5 ukaifuata 88.5 kwenye redio, pale ameshakaa bwana wa 100.5 aliyeshushwa na ekspanda, mngegombana.

Kwa hiyo seti transmita popote kati ya 88 na 102, halafu kwenye redio nenda namba hiyo ukiwa umetoa 12.

#8 Vitz Haichoki

Aisee! Miaka yote hii. Sasa fundi tupe namba moja kwa moja, Dodoma tuseti ngapi?

#9 Fundi Waya

Namba sikupi, maana namba ya mtu wa Nala si lazima imfae mtu wa Ihumwa. Nakupa njia ya kuitafuta.

Chomoa transmita kwanza. Washa redio, panda kidogo kidogo kwa mkono, pointi moja moja. Usibonyeze kile kitufe cha kutafuta chenyewe. Kile kinarukia penye stesheni, na wewe unatafuta pasipo na stesheni. Ukifika mahali penye shhhh iliyojaa, nzito, isiyo na mtu anayenong'ona ndani yake, simama hapo. Sogea pointi mbili juu, sikiliza. Rudi, shuka pointi mbili chini, sikiliza. Pande zote shhhh tupu? Hapo ndipo nyumbani kwako. Ongeza 12 (kwa mwenye ekspanda ya 12), iseti kwenye transmita. Usiku na mchana jaribu, na ukiweza jaribu ukiwa nje ya mji pia.

Kwa nini nasisitiza patupu? FM haina huruma. Mawimbi mawili yakikutana masafa yale yale, redio inamshika mwenye nguvu na mwingine anazimwa kabisa. AM ungewasikia wote wawili wanasemeshana. Na hiki kidude chako hakina nguvu ya kushindana na mtu yeyote. Kule Ulaya kikomo chake ni nanowati 50, yaani sehemu 50 za bilioni moja ya wati. Mnara wa redio uko kwenye maelfu ya wati. Kinachokusaidia ni ukaribu tu, mita moja au mbili kutoka kwenye antena.

#10 Noah ya Singida

Fundi umeongea kama uko ndani ya gari yangu. Mimi napiga Dodoma–Singida, Noah haina ekspanda, kwa hiyo naishi humo humo kwenye 87.5 mpaka 90.

Niongezee kitu kwa wasafiri. Patupu pa mjini si patupu pa njiani. Ukishaiacha Bahi stesheni za Dodoma zinakufa moja moja, mpaka Kintinku transmita inapiga kama uko studio. Panda sasa Saranda kuelekea Manyoni. Pale pale palipokuwa patupu bondeni, ukifika juu unakuta mtu anasoma taarifa ya habari juu ya muziki wako. FM inakwenda kwa kuonana, ukipanda juu unaonana na minara ya mbali. Mimi nina masafa mawili, nimeyahifadhi kitufe cha 1 na cha 2. Nikifika Saranda nabadili kote, redio na transmita. Abiria wanadhani natafuta stesheni.

Na msiiache transmita kwenye 87.5 ile inayotoka nayo dukani. Kuna siku niko Kibaigwa nasubiri mzigo, nimepaki ubavuni mwa fuso la mahindi. Taarabu yangu ikakatika katikati ya ubeti, ikaingia kwaya. Nikaongeza sauti: kwaya. Nikaipiga dashibodi kofi: kwaya. Nageuka kulia namwona tandiboi wa fuso ameegemea kioo, anaimba sauti ya pili, na mdomo wake unaendana neno kwa neno na redio yangu. Kumbe na yeye ana transmita, wote tuko 87.5, na yake ina nguvu kuliko yangu. Nilimsikilizia nyimbo tatu mpaka walipoondoka. Waliimba vizuri, sikatai.

#11 Dada wa Area C

Noah umeniua 😂

Mimi yangu inashika vizuri ila kuna mlio, wiiiii, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Gari ni IST. Nilishabadili masafa mara tano.

#12 Fundi Waya

@Dada wa Area C masafa hayana kosa hapo. Ule mlio unaofuata mafuta ni wa alternata, unapita kwenye umeme wa volti 12 na kuingia kwenye transmita. Jaribu hivi: zima injini, acha swichi tu. Mlio ukiisha, ndiyo yenyewe.

Halafu niambie, muziki unatoka wapi? Simu? Kwa waya? Na simu hiyo hiyo inachaji hapo hapo kwenye laita?

#13 Dada wa Area C

Ndiyo, ndiyo na ndiyo. Ina tundu la chaja pembeni, na waya mwembamba kutoka kwenye simu.

#14 Fundi Waya

Basi umepatikana. Umeme unaingia kwenye simu kupitia chaja, na una njia mbili za kurudi kwenye bodi: kupitia chaja yenyewe na kupitia ule waya wa muziki. Njia zikiwa mbili unazunguka, na mzunguko huo ndio unaousikia wiiiii. Chomoa moja kati ya hizo mbili. Ama usichaji ukiwa unasikiliza, ama achana na waya utumie memori kadi au Bluetooth.

Na chaja za bei ya chee zenyewe ni wachafuzi. Ndani yake kuna saketi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, inamwaga kelele mpaka kwenye FM. Ukiona redio inakwaruza hata bila transmita, chomoa chaja kwanza kabla hujamlaumu mtu.

#15 Dada wa Area C

Nimeshuka kwenye parking na kanga, saa tatu usiku, nimechomoa chaja. KIMYA. Wiki tatu nakwenda Mtumba na kurudi na huo mlio kichwani. Mungu akubariki fundi.

#16 Mzee Carina

Wanangu mnahangaika. Carina yangu ina deki ya kaseti. Kuna ile kaseti ya bandia yenye waya, unaitumbukiza, waya unachomeka kwenye simu. Kichwa cha deki kinasoma sumaku kutoka kwenye kaseti moja kwa moja, hakuna mawimbi, hakuna kutoa 12, hakuna kwaya ya watu. Sauti safi kuliko hizo transmita zenu.

#17 Vitz Haichoki

Shikamoo mzee. Mwenye deki ya kaseti siku hizi ni wewe na makumbusho.

#18 Mzee Carina

Marahaba. Ila nikiri, vijigia vyake vya plastiki havipendani na vumbi la Dodoma. Mwezi wa tisa na ule upepo vinaanza kulia kwi kwi kwi kama kifaranga. Napuliza, vinaendelea.

#19 Kijana wa Kisasa

Hivi mnajua kutangaza redio bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa? Sheria ya 2010 ya mawasiliano ya kielektroniki na posta iko wazi. Nanyi mnaelekezana hapa masafa.

#20 Fundi Waya

Redio yako ya Android imeishiwa bando nini, umerudi kwetu?

Ila hoja si ya kutupwa. Uingereza kwenyewe vidude hivi vilikuwa marufuku mpaka Desemba 2006, ndipo wakaruhusu vyenye nguvu ile ndogo kabisa. Wasiwasi wao ulikuwa wa kweli, kwamba mtu asimharibie jirani redio yake. Kwa hiyo nawaambia wenye tabia ya kuja gereji kutaka niwaongezee waya mrefu kwenye transmita ili "ishike mtaa mzima": sifanyi, na mkifanya wenyewe mmeshakuwa stesheni ya redio, mtaongea na TCRA. Kikikaa ndani ya gari kinatosha.

#21 Noah ya Singida

Fundi swali. Kuna mtu aliniambia nishushe antena ya nje ili stesheni za mbali zisiingie, transmita ibaki peke yake. Ni kweli?

#22 Fundi Waya

Nusu kweli. Antena ikishuka stesheni za nje zinapungua nguvu, lakini na transmita yako nayo inapokelewa na antena ile ile, kwa hiyo unapunguza kote kote. Gari nyingine inasaidia, nyingine inaharibu. Jaribu, ni bure. Kwa gari ambazo antena imechorwa kwenye kioo cha nyuma, tatizo ni jingine, transmita iko mbele na antena iko nyuma, katikati mmejaza watu na viroba vya viazi.

#23 Raum ya Nkuhungu

Wakuu naleta mrejesho wa kwanza. Jana jioni nimekaa kwenye gari nusu saa, natafuta patupu. Watoto wa jirani wakaja kuuliza kama nimegombana na mama watoto. Nimepata 83.7 kwenye redio, transmita nikaseti 95.7. IMELIA! Ile ya elfu 15, ya kwanza kabisa, niliyoambiwa mbovu, bahati nzuri jamaa alikataa kuipokea.

Tatizo dogo: zeze linapasuka. Likipanda juu linakuwa kama bati linakwaruzwa.

#24 Fundi Waya

Hongera sana. Kupasuka ni kwa sababu transmita umeiweka sauti mpaka mwisho. Hizi zina sauti yake, mara nyingi 0 mpaka 30. Weka 20, ukipungukiwa ongeza kwenye redio. Ukiijaza kule mwanzo wimbi linatanuka kupita nafasi yake na redio inalikata kingo. Hata simu kwa Bluetooth ni hivyo hivyo, robo tatu inatosha.

#25 Raum ya Nkuhungu

Nimeweka 18. Sasa nasikia mpaka mtu anakohoa kwenye kaseti. Jumamosi naenda na mzee.

#26 Kijana wa Kisasa

Nikiri na mimi basi. Ile Android inachukua dakika mbili kuwaka. Nikitoka home mpaka ije kuimba nimeshafika kituoni.

#27 Mzee Carina

Karibu kwenye kaseti mwanangu.

#28 Raum ya Nkuhungu

Mrejesho wa mwisho wakuu, samahani nimekawia.

Jumamosi tumeondoka asubuhi. Sikumwambia mzee kitu. Tulipotoka nje ya mji nikawasha. Zeze likaanza, kisha yule mwimbaji akaingia. Mzee alikuwa anasinzia, akafumbua macho. Akavua kofia akaiweka kwenye goti, akasikiliza wimbo wote bila kusema neno. Ulipoisha ukaingia wa muheme, akina mama wanapiga ngoma, akaanza kugonga kidole kwenye mlango wa gari kwa mapigo yale yale. Madirisha wazi, vumbi linaingia, hajali.

Tulipokaribia Mvumi akaniuliza, "Hii ni redio gani?" Mimi akili yangu iko kwenye mashimo, nikamjibu namba iliyokuwa pale mbele yetu: "83.7, baba." Akasogeza uso kwenye kile kioo, akaisoma mwenyewe, akatikisa kichwa. "Hawa watu wana akili. Hawaongei ongei."

Nimemwacha nyumbani nikarudi mjini. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi simu inaita. Mzee. Yuko barazani na redio yake ya betri, ile ya mshale, amehangaika nayo tangu alfajiri. Anasema redio yake inaanzia 88, hiyo 83 haipo, na amemtuma kijana aipeleke kwa fundi pale senta ikaongezewe.